Kicheko cha Mzee Ubaldo

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wetu walimu ni kutaka kila kitu kiwe na sahihi. Wapimaji wa viwanja walipofika mtaani kwetu Shanwe wakasema nyumba za zamani zisizo na karatasi ziandikiwe historia, nani alijenga na akina nani waliishi humo, nilinunua daftari kubwa siku hiyo hiyo. Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma aliijenga babu yangu Agustino, zamani za mgodi. Amebaki humo mjane wake, Bibi Marsela, na mlango wa mninga ambao yeye peke yake anaweza kuufungua bila kuupiga teke.

Nilizunguka wiki tatu. Nikampata katekista aliyewahi kupanga chumba cha uani. Nikafika hadi Karema kumtafuta binti wa fundi aliyeipaua. Kila aliyesimulia aliweka dole gumba chini ya ukurasa wake, nami nikampelekea nakala. Nilijiona mjanja kweli.

Wa mwisho alikuwa Mzee Ubaldo, jirani na mtani wetu. Koo zetu zimetaniana tangu enzi na enzi. Huzikana, na hata kunyang'anyana kuku bila kesi. Nikamuuliza nyumba ni ya nani.

"Yangu!" akasema. "Agustino alikuwa mtumwa wangu. Nilimnunua kwa kibaba cha dagaa, nikamweka humo anilindie."

Tulicheka hadi Bibi akatoka jikoni na mwiko kumfukuza. Nikaandika neno kwa neno, maana yalikuwa matamu. Akaweka dole.

Miezi minne baadaye mzee alipooza, ulimi ukagoma. Hapo ndipo mwanawe Antoni alipoipeleka ile nakala kwenye baraza la ardhi: baba kasema nyumba ni yake, dole hili hapa, na aliyeandika ni mjukuu wa huyo huyo mjane. Nikaeleza kwamba ule ulikuwa utani. Mwenyekiti, mgeni asiyetujua, akaniuliza kwa upole utani unaonekana wapi kwenye karatasi. Uamuzi ukapangwa kutolewa Jumatatu iliyofuata. Ijumaa, kabla ya siku hiyo, Mzee Ubaldo akafariki.

Bibi hakukata tamaa.

"Antoni atanipa jogoo wa mtani makaburini," akasema. "Akinipa mbele za watu, amekubali kuwa sisi ni watani. Na maneno ya mtani hayadai nyumba."

Siku ya maziko akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, kama wafanyavyo watani.

"Huyu mtumwa wangu hazikwi!" akapaza sauti. "Alitoroka na jembe langu. Nyie wana wa Ubaldo, leteni jogoo kwanza!"

Kina mama wakaanza kucheka. Wote tulimtazama Antoni. Tangu utoto wake alikuwa akimwita Bibi "mtumwa wetu", hata kanisani. Sasa akavua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mama," akasema. "Naomba utupishe tumzike mzee."

Mtani haamkiwi kwa adabu; kwa neno hilo aliukana utani, na sijawahi kuona shikamoo ikimuumiza mtu namna ile. Bibi hakuiitikia. Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, halafu akalia, na kwetu mtani halii kwenye kaburi la mtani wake. Mimi nililia kwa hasira, na zaidi kwa kujichukia.

Tulipofika nyumbani akaufungua ule mlango, akaketi kizingitini, akaomba daftari. Hajui kusoma. Nikamfunulia ukurasa wa Ubaldo, naye akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye alama ya dole.

"Maneno yake umeyaandika yote?"

"Yote, Bibi. Sikuacha hata moja."

"Na kicheko chake kiko wapi?"

Sikuwa nimekiandika.