Kinywa cha Mama Furu

Ulikuwepo ufalme uliokaa juu ya giza na chini ya upepo, katika yale maji ya ziwa yanayofikiwa na jua. Chini zaidi hapakuota kitu. Humo ukoga ulimea juu ya mawe, furu wakala ukoga, dagaa wakala vijidudu, na Mfalme Sangara akawala wote, kwa mujibu wa katiba.

Mama Furu alikuwa mpima mwanga. Kila siku jua likifika utosini alishuka kandokando ya mwamba mpaka asiuone tena mstari wa njano mkiani mwake, kisha akahesabu pima alizoshuka. Enzi za mama yake pima zilikuwa kumi na mbili. Sasa zilikuwa saba, maana magugu maji yalishaanza kutanda ufukweni. Na sheria ilikuwa wazi: mpima mwanga akitamka "napinga" barazani, mswada wowote unaogusa jua unakufa papo hapo.

Waziri Kambare huishi topeni, na akiishiwa pumzi hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo giza halikumnyima usingizi. Ndiye aliyeleta Mswada wa Paa: magugu yaachwe yafunike ziwa lote, Mfalme asichomwe na jua wala asionwe na tai. Kikao akakipanga katika wiki za kulea, na kila mtu alijua kwa nini. Furu hulea watoto kinywani. Mama Furu alikuwa amebeba thelathini na mmoja, hajala siku kumi na mbili, na wa mwaka uliopita walikuwa wamempotea wote.

"Mtukufu," dagaa mmoja alijitosa kuuliza, "bila jua ukoga utaotaje?"

"Swali zuri sana," alisema Mfalme. "Hebu sogea nikusikie vizuri."

Dagaa akasogea. Kikao kikaendelea bila yeye.

Kambare akamgeukia Mama Furu kwa upole. "Mama, una neno?"

Akapiga mkia kwa nguvu, kulia na kushoto.

"Mkia si neno, mama yangu. Sheria inataka kinywa. Una neno?"

Wakuu wa kisangara walikuwa wamemzunguka, vinywa wazi, wanasubiri. Aliwahisi wadogo wakijipindua juu ya ulimi wake. Siku tisa tu, alijiambia. Baada ya siku tisa wataweza kujificha katikati ya mawe, nami nitakuja kusema yote. Jamani, nani angemlaumu?

"Kwa mara ya tatu, mama."

Akazidi kubana kinywa. "Asiyetamka amekubali," alitangaza Kambare, na mswada ukapita.

Magugu hayakungoja siku tisa. Siku ya saba paa lilikuwa limeziba pande zote. Siku ya tisa Mama Furu alikwenda kwenye jiwe alipolelewa yeye mwenyewe, akafungua kinywa. Walitoka wote, wazima, wazuri. Lakini jiwe lilikuwa tupu, ukoga umebanduka na kuoza. Wakazunguka, wakarudi kinywani na njaa yao. Kesho yake akawatoa tena, wakarudi ishirini. Kesho kutwa saba. Yule wa mwisho alirudi peke yake, akakaa juu ya ulimi ule mpana, na asubuhi hakucheza tena. Mama Furu alikaa naye siku nzima kabla ya kumwachia.

Ndipo akaenda barazani. Njiani aligeuka, palepale chini ya paa, bila kushuka hata pima moja, na hakuuona mstari wa mkia wake.

Mfalme alikuwa amelala ubavu, anatweta kwa kukosa pumzi. Viti vya dagaa vilikuwa vitupu. Kambare alikuwa peke yake mezani, anafunga kumbukumbu za kikao.

"Mama Furu!" alisema, na safari hii alifurahi kweli. "Leo kinywa ki wazi! Haya, sema. Watoto hawajambo?"

Mama Furu alikuwa amelibeba neno lake njia nzima. Aliposikia watoto, kinywa kikajifumba chenyewe, kama bado kuna wa kulinda, na neno lisitoke.

Kambare akamsubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaandika kwamba hakuna aliyepinga.