Malkhazi Alikula Kwetu

Sisi wa klabu ya Lodi, hapa Rustavi, hatujui kukimbia na hatujawahi kudai tunajua. Kombe la raga tunalichukua kila mwaka kwa skramu: wanane wetu, wanane wao, mnainama, vichwa vinaingiana, halafu mnasukumana mpaka upande mmoja ukome. Mimi Bidzina nasimama mstari wa mbele. Nina shingo, sina mbio. Fainali ile ilikuwa mechi yangu ya mwisho, maana magoti yalishanikataa, na nilitaka niage nikisukuma.

Siku mbili kabla, kocha Jumberi akanipasulia.

"Bidzina, yule Malkhazi wa wapinzani wetu, Zestafoni, mgongo umemkaza, na mwenzake wa akiba kavunjika mkono. Wakikosa mtu wa mbele, sheria iko wazi: skramu ya kuegemeana tu, hakuna kusukuma. Hapo wewe wa nini? Nitaweka mwenye mbio."

"Kocha, mimi niagie benchi?"

"Utaaga umekaa. Kwani kiti kina kosa gani?"

Niliumia, jamani. Nikawasha gari mpaka Zestafoni, nikamkuta Malkhazi kajipinda kama ndoano, nikamleta kwa mama yangu. Hakubisha, mkewe alikuwa anamlisha uji tu. Mama yangu, Tsiala, hajawahi kushindwa na mgongo wa mtu. Akamkanda kwa pombe kali ya zabibu, akamfunga shali ya sufu, akamketisha mezani. Ikaja supu ya makongoro yenye vitunguu saumu, ikaja khachapuri, ule mkate unaochuruzika jibini, yakaja maharage, akaja na kuku mzima.

"Mama, nimeshiba."

"Nani kakuuliza? Kula!"

Mimi nikaongoza meza, nikitaja kila tunachokinywea. Tukanywa kwa ajili ya amani, kwa ajili ya waliotangulia, kwa ajili ya akina mama. Mpaka alasiri Malkhazi alikuwa amenyooka wima, analia kwa furaha, na kabla sijafikiri tukapitishana mikono, kila mtu na pembe yake ya divai, tukanywa undugu wa kiapo. Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Siku ya fainali, skramu ya kwanza, sikio langu liko kwenye sikio lake.

"Kaka," akaninong'oneza, "mama hajambo?"

"Hajambo. Sukuma!"

"Nisukumeje? Nimekula kwenu."

Na mimi nimsukumeje mgeni wa mama? Mgeni katumwa na Mungu; utamsukuma Mungu? Basi tukabaki tumeegemeana, wenzetu nyuma wanatweta, skramu inazunguka kama pia. Refa akapuliza, akatutazama kama tuliomwibia. Ikawa hivyo mechi nzima. Dakika za mwisho tunaongoza kwa pointi mbili, skramu iko karibu kabisa na mstari wetu, na Jumberi kashika kibao chenye namba yangu.

"Bidzina! Umelala? Skramu hii ikiharibika unatoka!"

Tukainama. Machozi yalikuwa yananilenga.

"Malkhazi, wananitoa. Ni ya mwisho maishani mwangu. Nipe skramu ya kweli, nakuomba."

"Kaka, ile chumvi ya mama yako..."

Mara sauti ikapasua kutoka jukwaani. Mama.

"We Malkhazi! Mbona umelegea hivyo? Watu waseme nilikulisha maji? Unaniaibisha mbele ya majirani!"

Malkhazi akapanga miguu upya.

"Samahani, kaka," akasema. "Mama kaamrisha."

Nilisukuma, haki ya Mungu nilisukuma, kwa shingo, kwa yale magoti mabovu, kwa miaka yangu yote ya Lodi. Lakini yule bwana alikuja na makongoro yote, na maharage, na kuku juu yake. Tulirudishwa nyuma wanane wazima, tukavushwa mstari wetu wenyewe, mpira ukawekwa chini, pointi tano zao, refa akamaliza mechi. Kombe likaenda Zestafoni.

Nikalala chali kwenye nyasi, nacheka huku nalia. Sijapata skramu tamu kama ile. Malkhazi akaninyanyua, akanibusu shavuni, akaniomba radhi mara tatu. Jumberi akaja mbio, povu mdomoni.

"Nani alilisha jitu hili? Nauliza, nani?"

Nyuma ya uzio mama yangu akasimama, akanyoosha sketi yake, akajibu uwanja mzima usikie:

"Mimi! Na wewe pita nyumbani, hayo mashavu yamebonyea."