Baba Aliyepokea Simu

Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu asubuhi, matangazo ya shule yalisomwa na mvulana aliyeitwa Kengele. Jina hilo alipewa na mwalimu mkuu, kwa sababu sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na ilifika mpaka vyoo vya nyuma bila kipaza sauti. Kipaza sauti kilikuwepo, lakini kilikuwa kibovu, na maadamu Kengele yupo hakuna aliyeona haja ya kukitengeneza.

Kisha Jumatatu moja sauti ilimkatikia mbele ya shule nzima, katikati ya neno "wanafunzi". "Wana" ilitoka ya mtoto, "funzi" ikatoka ya mtu mzima mwenye mafua. Akarudia, mambo yakawa kinyume chake. Watu mia nne walicheka, wakiwemo walimu wawili walioficha nyuso zao kwenye madaftari ya mahudhurio. Mwalimu mkuu akampokonya karatasi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasoma mwenyewe. Hakuna aliyesikia kitu.

Kengele alikuwa na miaka kumi na tatu na miezi minane. Muhula ule alikuwa amerefuka vidole vinne, chunusi zimempangia foleni kwenye paji la uso, na suruali za shule zilikuwa zimehama kutoka visigino kwenda kwenye vifundo. Mwalimu wa darasa lake, dada aliyetoka chuoni mwaka ule ule, ndiye aliyewafundisha sayansi. Alipofika kwenye sura ya kubalehe aliandika kichwa cha habari ubaoni, akageuka, akawakuta wavulana wa nyuma wameinamia madawati, mabega yanatikisika. Akafuta ubao. "Hii mtasoma wenyewe nyumbani," akasema, "ni kurasa nne tu." Akaingia sura ya udongo. Kitabu cha Kengele kilikuwa cha kurithi kutoka kwa binamu yake, na kurasa zilizokosekana zilikuwa nne tu.

Siku ya pili baada ya sauti kumkatikia hakwenda shule. Hakukuwa na wa kumuuliza. Mama yake alikuwa mwokaji mikate, anatoka alfajiri na kurudi saa tisa alasiri, unga mpaka kwenye nyusi, kisha analala mpaka jua linapozama. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Madereva wenzake walimwita Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo neno alilojibia karibu kila jambo, iwe umemwambia tairi limepasuka au amepata mtoto. Kwa mwezi alikuwa nyumbani siku tano, na tatu kati ya hizo alilala.

Saa tatu asubuhi simu ililia ndani ya kabati la vyombo. Ilikuwa simu ya zamani ya baba, ile anayoiacha nyumbani, na namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu za shule. Kengele akaipokea bila kufikiri.

"Haloo."

"Haloo, shikamoo mzee," ikasema sauti ya mwalimu wa darasa.

Kengele hakuwahi kupewa shikamoo maishani mwake. Yeye ndiye aliyekuwa anazitoa, kutwa, kwa kila mtu aliyemzidi kimo. Aligeuka kuangalia kama kuna mzee nyuma yake. Angeweza kusema ukweli pale pale, na alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuusema, ila kilichotoka kilikuwa kizito, cha chini, na hakikumwomba ruhusa.

"Marahaba."

"Samahani kukusumbua. Napiga kuhusu kijana wako. Leo hatujamwona."

"Tumbo," akasema Kengele.

"Pole yake. Lakini mzee, nadhani si tumbo. Jana sauti ilimkatikia mbele ya shule, wenzake wakamcheka. Na si jana tu, mwezi mzima huu amebadilika. Anakaa nyuma, akiulizwa anajibu kwa mkato, mara ana hasira, mara macho yamelengwa na machozi. Na pia... sijui niseme vipi."

"Sema tu."

"Ananuka kidogo. Wote wananuka, si yeye peke yake. Darasa zima likitoka mpirani inabidi nifungue madirisha. Ni jasho la umri."

Kengele akainua mkono, akajinusa kwapa. Mwalimu hakuwa amemsingizia.

"Nitalishughulikia," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni wiki sita. "Hivi mwalimu, hii hali inaisha lini?"

Hapo mwalimu akafunguka. Yale aliyoshindwa kuwaambia watoto arobaini alimwambia mzazi mmoja kwa robo saa, bila kigugumizi. Alieleza jinsi ubongo unavyotuma habari, homoni zikaanza kazi, koo likapanuka na nyuzi za sauti zikarefuka kabla mwenyewe hajajifunza kuzitumia. Alisema itachukua miezi, pengine mwaka. Chunusi asizitumbue. Aoge kila siku, abadilishe fulana, ale vizuri, alale mapema. Alisema hasira zile si utovu wa adabu, na kwamba mtoto wa umri ule anaweza kulia kwa sababu ya kamba ya kiatu na asijue kwa nini. Kengele, ambaye alikuwa amelia kwa sababu ya kamba ya kiatu Jumamosi iliyopita, alikaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo hana ugonjwa," akasema.

"Ugonjwa?" Mwalimu akacheka kidogo. "Mzima kabisa. Wewe zungumza naye tu, baba. Watoto wengi hawana wa kuzungumza naye."

"Sawa sawa," akasema Kengele, na neno la mwisho likapanda juu kama filimbi. Akakohoa. "Vumbi. Vumbi la barabarani."

"Unywe maji ya uvuguvugu," mwalimu akamshauri.

Kesho yake Kengele alifika shule ameoga mara mbili. Mwalimu akaona, akapiga tena jioni hiyo kushukuru. Kengele akamwomba awe anapiga saa kumi jioni, kwa kuwa asubuhi yeye hukaa barabarani, na ikawa hivyo, kila wiki. Saa hiyo mama alikuwa usingizini, na mtu aliyekanda unga tangu alfajiri haamshwi na simu. Kengele aliuliza kuhusu jasho, kuhusu usingizi, kuhusu kwa nini kijana ale sahani mbili halafu aende kuchungulia sufuria. Siku moja aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ni kawaida kijana kusahau kusoma kila binti fulani wa dawati la mbele anapofunga nywele zake. Mwalimu alisema ni kawaida. Kengele akashukuru kwa niaba ya mwanawe.

Ubaba haukuwa raha tupu. Wiki ya nne alimjibu mwalimu wa hesabu ovyo, na habari zikafika kwenye simu. Mwalimu wa darasa akauliza, kwa upole, baba atachukua hatua gani. Kengele akaogopa kugundulika, akasema, "Wiki mbili hachezi mpira." Akazitumikia zote. Wenzake walipomwita uwanjani alisema baba amemkataza, na alimchukia baba huyo kwa dhati.

Lakini kuna jioni moja mwalimu alilalamika kwamba vijana wengine darasani wamekuwa wakali na hajui afanye nini. Kengele akafikiri, akasema, "Mwalimu, mtoto wa hivyo mwili wake umemtangulia. Yeye mwenyewe bado yuko njiani anakuja. Msubirini." Upande wa pili ikasikika kalamu inaandika.

Hayo maneno ndiyo yaliyomponza. Jumatano ya wiki iliyofuata mwalimu alipita dirishani pale mikate inapouzwa, akamkuta mama yake Kengele, akamwambia kwa furaha kwamba Jumamosi kuna mkutano wa akina baba na wana wao kuhusu kubalehe, na kwamba mume wake ndiye msemaji.

"Mume wangu mimi?" akauliza mama.

"Yeye. Ana maneno yale, mama. Tukianza kuzungumza nusu saa inapita hatujaiona."

Mama alikuwa ameolewa miaka kumi na sita na hakukumbuka mazungumzo ya nusu saa. Kwanza alidhani mwalimu amechanganya wazazi. Kisha kwa wasiwasi wa aina nyingine, ambao mwanamke yeyote ataujua, akauliza namba anayoipiga. Mwalimu akamsomea. Ilikuwa namba ya ile simu ya kabatini. Mama akamfungia mwalimu mkate wake, akaingia nyuma kwenye magunia ya unga, akacheka mpaka mwenzake akamletea maji. Alipofika nyumbani hakumwambia mtu kitu.

Baba alirudi safarini Ijumaa. Mama akamwekea maji ya kuoga, akampa chakula, akamwambia, "Kesho saa nne mna mkutano shuleni, wewe na mwanao. Utaombwa useme neno."

"Sawa," akasema baba, mdomo umejaa.

Kengele hakumaliza chakula, jambo ambalo halikuwa limetokea muhula mzima. Asubuhi alisema tumbo linamuuma. Mama, aliyekuwa akinyoosha shati la mumewe, hata hakuinua macho. "Litapona njiani, baba," akamwambia, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita tangu kuzaliwa kwake.

Njiani Kengele alijaribu kuungama mara tatu. Mara ya kwanza sauti ilipotea. Mara ya pili baba alisimama kuangalia tairi la lori la mtu mwingine. Mara ya tatu walikuwa wamefika.

Ukumbini kulikuwa na akina baba thelathini hivi, mikono kifuani, wamekaa kama watu waliokuja kung'olewa meno. Mwalimu akamkimbilia baba mlangoni.

"Shikamoo mzee. Hatimaye tumeonana."

"Marahaba," akasema baba.

"Sauti ile ile," mwalimu akasema. "Ningeitambua popote. Na lile vumbi limepona?"

Baba akamtazama, kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anasoma kwa makini bango la kunawa mikono. "Sawa sawa," akasema baba.

Mwalimu akasimama mbele, akasema ataanza kwa maneno ya mzazi mwenzao, mtu ambaye pamoja na kazi ya barabarani hakuwahi kukosa kupokea simu ya shule. Akafungua daftari, akasoma. Mwili umemtangulia, yeye mwenyewe bado yuko njiani anakuja, msubirini. Akina baba wakanong'ona. Mmoja akatoa mikono kifuani. Kisha mwalimu akamwita mwenye maneno.

Baba alisimama, akamgeukia mwanawe kwanza, kisha akaugeukia ukumbi. Kengele akajua kwamba amekwisha kuelewa.

"Mimi si msemaji," akaanza baba. "Hayo maneno si yangu. Ni ya mtu aliyekuwa karibu na jambo lenyewe kuliko mimi. Mimi niko barabarani siku ishirini na tano kwa mwezi. Juzi nimemnunulia kijana suruali, nikampima kwa kichwa changu, na kichwani mwangu bado ananifika kifuani. Leo nimemtazama vizuri, isingemtosha hata mdogo wake, kama angekuwa naye." Akawatazama akina baba wenzake. "Mabadiliko yake yote mimi sikuyaona. Nimeyasikia leo hapa, kama nyinyi. Sina zaidi."

Akakaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja, fundi seremala, alifuta macho waziwazi, akasema hajawahi kuona mtu mwenye ujuzi akajishusha kiasi kile. Kufika saa sita walikuwa wameunda kamati ya akina baba, na kwa kura zote, isipokuwa ya mwanawe ambaye hakuwa na kura, Sawasawa akachaguliwa mwenyekiti. Mikutano ingekuwa kila wiki mbili.

Walipofika nusu ya njia, baba akapunguza mwendo.

"Mara ngapi?" akauliza baba.

"Saba."

"Na mimi nilikuwa mtu wa namna gani?"

Kengele akafikiri. "Ulikuwa unasikiliza. Ulikuwa unauliza maswali."

"Nilikuwa mkali?"

"Mara moja. Ulinikataza mpira wiki mbili."

"Ulikuwa umefanya nini?"

Kengele akamweleza ya mwalimu wa hesabu. Baba akatikisa kichwa. "Mimi ningekupa wiki moja," akasema. Wakaendelea kutembea. Halafu baba, bila kumtazama, akauliza, "Hiyo ya koo kupanuka, inauma?"

"Haiumi. Inaaibisha tu."

"Mimi ilinipata shambani kwa mjomba, hakuna aliyeniambia kitu. Nikaona bora nisiongee mpaka ipite." Akapiga hatua kadhaa. "Nadhani ilipita, nikasahau kuanza tena."

Kabla ya kuingia ndani walikubaliana kwamba mama asijue, angesikitika bure. Mama akawafungulia mlango, akawauliza mkutano ulikuwaje.

"Sawa," wakasema wote wawili, kwa sauti moja, na mama ikambidi arudi jikoni upesi.

Mwenyekiti hawezi kukosa mikutano yake mwenyewe. Baba alimwomba bosi wake njia fupi, akapewa, akaanza kulala nyumbani siku nne kwa wiki. Mwalimu alimpa kitabu chenye picha, akakisoma chote kwa kidole, na akawa mtu wa kuzungumza. Alizungumza wakati wa chai. Alizungumza nje ya mlango wa bafu. Alimuuliza Kengele, mbele ya majirani, hali ya chunusi zake, na kama kuna jambo lolote moyoni angependa walijadili kama wanaume. Kengele, aliyekuwa sasa na sauti nzito iliyotulia, aliitumia zaidi kusema "hamna" na "niache kidogo baba", na mara mbili alibamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikaanguka.

"Ni kawaida," baba alimwambia mkewe, akifungua kitabu kumwonyesha. "Iko hapa, sura ya tatu. Wewe unalionaje suala hili?"

Mama aliona kwamba amechoka, na kwamba kazini wanatafuta mtu wa zamu ya jioni, ile inayomrudisha mtu nyumbani wengine wakiwa wamekwisha kulala.