Mama Mizani na Kitasa cha Namba

Saa mbili na nusu asubuhi mlango ulijifunga, na Mama Mizani alikuwa nje. Mkononi alishika ndoo ya takataka. Mguuni alikuwa na ndara moja. Ya pili aliiacha kizingitini izuie mlango, nayo ilikuwa imesukumwa pembeni na upepo. Funguo zilikuwa mezani, karibu na kikombe cha chai. Aliziona vizuri kabisa kupitia dirishani.

"Leo tena?" Jirani aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, bila hata kuchungulia.

"Leo tena."

"Nilete ngazi au nimpigie Mkubwa?"

"Lete ngazi. Mkubwa mwache kazini."

Lakini Jirani, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na breki, alikuwa ameshapiga simu. Ngazi ilikuwa bado haijasimama sawasawa wakati Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mama Mizani, alipoegesha gari getini na kushuka na tai yake shingoni. Alipanda ngazi na tai hiyohiyo, akapenya dirisha la jikoni, akafungua mlango kwa ndani.

"Mama, hii ni mara ya tatu tangu mvua zianze."

"Hesabu yako ni sahihi," alisema Mama Mizani. Hakuwa mtu wa kubishana na hesabu sahihi.

Jina lile la Mizani alilipata kazini. Alikuwa karani wa mizani ya malori kiwandani, tangu usichana hadi siku ya kustaafu. Lori liliingia limejaa, likatoka tupu, na yeye alikaa kwenye kibanda cha vioo: macho kwenye mshale wa mizani, mkono wa kulia kwenye mashine ya kujumlisha. Vitufe vya mashine hakuvitazama. Aliyevitazama alikosa mshale, na aliyekosa mshale hakudumu kwenye kibanda kile.

Sasa alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili, bustani ya mbogamboga, na mlango wenye tabia ya kujifunga.

"Chumba cha mbele kwetu kimeshapakwa rangi," Mkubwa alisema. "Wajukuu wanakuulizia. Mama, mara ile ya pili sufuria iliungua. Siku moja nitaitwa nikute moshi. Mimi silali."

Mama Mizani alijua kwamba sufuria iliungua kweli, na kitako chake cheusi kilikuwa bado kinaning'inia jikoni. Aliwapenda wajukuu. Aliipenda pia hali ya kuamka nyumbani kwake na kunywa chai bila kuulizwa kama amekunywa dawa.

"Nipe mwezi mmoja," alisema. "Nitaweka kitasa kisichotaka ufunguo. Kikinishinda, nafungasha virago mwenyewe, na sitanuna."

"Hutanuna?"

"Hata kidogo."

Walipeana mikono. "Mimi shahidi!" Jirani alipaza sauti kutoka kwenye ngazi, maana alikuwa amepanda ili asikie vizuri.

Dukani alikwenda na Kitindamimba, binti yake wa mwisho, muuguzi ambaye alikuwa na desturi ya kucheka kwanza na kuongea baadaye. Vitasa vilifungwa kwenye vijilango vidogo vya mfano, ukutani kote, kila kimoja na taa yake. Muuza vitasa, mtu mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, aliwakaribisha kama watu waliokuja kuposa.

"Hiki hapa, mama yangu, kinafunguka kwa simu. Unakaribia tu, kinakujua."

"Na simu nikiiacha mezani?"

"Kwa nini uiache mezani?"

"Funguo niliziacha kwa nini?"

Kitindamimba alianza kucheka. Muuzaji alihamia kijilango cha pili. "Basi hiki cha kadi. Kadi nyembamba, inakaa hata mfukoni."

"Huo ni ufunguo uliolala kifudifudi," alisema Mama Mizani. "Kinachofuata."

Kilichofuata kilisoma alama ya kidole. Alijaribu kidole cha shahada, kikakubali. Akajaribu tena, kikakataa. Akapangusa kidole kwenye gauni, kikakataa, akakilamba, kikakubali. Muuzaji alieleza kwamba ngozi ikikauka kwa umri au kwa udongo wa bustani, kitasa kinapata taabu kuisoma.

"Kwa hiyo kila nikirudi nyumbani nijilambe vidole mbele ya majirani."

"Jirani atapiga simu kwa Mkubwa," alisema Kitindamimba.

Kilibaki cha namba. Kilikuwa kibao cheusi chenye vitufe laini, bila urembo. Mama Mizani alikikagua kwa muda mrefu kuliko vyote, akauliza maswali yake kwa mpangilio. Betri zikiisha? Kitaanza kulia wiki kadhaa kabla. Na nikipuuza kilio? Chini pana vichuma viwili. Unagusisha betri ya mraba kwa nje, kinaamka. Umeme ukikatika? Hakiuhitaji. Na kikiharibika kabisa? Hapo muuzaji alijikuna shingo, akatoa kiboksini kifunguo kidogo cha chuma.

"Wa dharura," alisema kwa sauti ya chini.

"Kitasa kisichotaka ufunguo, kina ufunguo!" Kitindamimba alijishika mbavu. "Mama, huo nitakaa nao mimi."

"Nachukua hiki," alisema Mama Mizani. "Namba siwezi kuiacha mezani."

Muuzaji alikuja mwenyewe kukifunga. Alitoboa, akafagia unga wa mbao, kisha akauliza namba. Mama Mizani hakuhitaji kufikiri. Saba, moja, nane, sifuri: kilo elfu saba mia moja na themanini, uzito wa lori la marehemu mumewe likiwa tupu. Lori lile lilipita kwenye mizani yake kila siku, na dereva wake alikuwa akichungulia kibandani kuuliza uzito ambao alikuwa anaujua, mpaka siku alipouliza jambo jingine. Watoto wote waliijua namba hiyo. Ilikuwa hadithi ya nyumbani.

Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, muuzaji akimwonyesha. Taa ya kijani. Kitindamimba akapiga vigelegele.

Matata yalianza siku ya tatu. Mama Mizani alirudi kutoka sokoni, kikapu mkono wa kushoto. Alibonyeza namba. Taa nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu. Akaendelea mpaka kitasa kikapiga ukelele mrefu na kuzima, kama kilivyoagizwa kumfanyia mwizi. Alisubiri kizinduke, akavaa miwani yake ya kusomea, akabonyeza. Kijani.

Kesho yake kilimkubali asubuhi, kikamkataa mchana. Aliporudi kutoka kumwagilia mchicha, kilimkataa. Alipomwonyesha muuzaji aliyepita kukikagua, kilimkubali mara zote, kwa utiifu wa kukera.

"Kitasa ni kizima, mama yangu," alisema yule bwana, akikwepa kumtazama usoni.

Ukelele ule haukumpita Jirani, na kisichompita Jirani hakimpiti Mkubwa. Jioni simu ililia.

"Mama, unaisahau namba?"

"Uzito wa lori la baba yako? Nisahau jina langu kwanza."

"Lakini kinakukataa."

"Kinanikataa, ndiyo."



"Jumapili nitakuja," Mkubwa alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Ufungue mbele yangu. Ikishindikana, mama... nitakuja na maboksi."

Jumamosi mchana Mama Mizani alivuta kiti mlangoni. Hofu alikuwa nayo, lakini hofu haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Kiwandani, mizani ilipotoa uzito usioaminika, palikuwa na utaratibu: pima kitu kilekile tena, na badilisha jambo moja tu kila mara. Aliacha mlango wazi ili ulimi wa kitasa uwe unaingia na kutoka hewani bila kumdhuru mtu.

Alibonyeza akiwa amevaa miwani. Kijani. Alivua miwani, akasogeza uso karibu, akabonyeza taratibu. Kijani. Kumbe si miwani. Kisha akaketi wima, akakitazama kijitaa kilicho juu kama alivyotazama mshale wa mizani maisha yake yote, akaacha mkono ufanye kazi. Nyekundu.

Kwa hiyo namba ilikuwa kichwani, na macho hayakuwa na kosa. Uliobaki ulikuwa mkono.

Alifumba macho. Akauachia mkono ubonyeze saba, akausimamisha palepale, kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Akafumbua macho.

Kidole kilikuwa juu ya moja.

Akafumba tena, akabonyeza moja. Alipofumbua, kidole kilikuwa juu ya saba. Kwenye nane alikikuta juu ya mbili. Sifuri ilikuwa mahali pake, chini.

Mama Mizani aliinuka, akaenda chumbani, akatoa chini ya kitanda mashine ya kujumlisha waliyompa siku ya kumuaga. Aliipangusa vumbi akaiweka mapajani, mbele ya kitasa. Kwenye mashine, saba, nane na tisa zilikaa safu ya juu, na moja, mbili, tatu safu ya chini. Kwenye kitasa, moja, mbili, tatu zilikaa juu, kama kwenye simu, na saba ilikuwa huko chini. Akizitazama namba, alibonyeza alichokiona. Akitazama taa, mkono ulirudi kibandani na kubonyeza lori la mumewe kwenye mashine.

Alicheka peke yake mpaka Jirani akauliza kutoka ukutani kama kuna wageni.

"Hakuna. Na leo usimpigie mtu simu."

"Hata Kitindamimba?"

Alifikiri kidogo. "Huyo mpigie."

Kitindamimba alifika na sare ya kazi. Alionyeshwa mashine, akaonyeshwa kitasa, akaonyeshwa mkono ukifanya vituko vyake macho yakiwa yamefumbwa. Alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mama! Ulikuwa unahamishwa nyumba kwa sababu ya vitufe kupinduka!"

"Nilikuwa nahamishwa kwa sababu hakuna aliyekagua."

"Sasa utaufundisha mkono upya?"

"Mkono huu una miaka thelathini kazini. Kitasa kimekuja juzi. Kitajifunza chenyewe."

Wakafungua kijitabu cha maelekezo. Kitindamimba akasoma kwa sauti, mama yake akabonyeza.

Jumapili saa sita mchana Mkubwa alishuka kwenye gari akiwa na maboksi matupu yaliyokunjwa, ameyabana kwapani kwa aibu kama mtu aliyebeba jeneza kwenye harusi. Mama Mizani alikuwa anatoka kwa Jirani na sufuria mpya, zawadi ya kufuta kumbukumbu ya ile iliyoungua. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au ni hayo maboksi yanakubana?"

Alikuwa anamtazama usoni wakati mkono wa kulia ulipopita juu ya vitufe, mwepesi, bila kutafuta. Kijani. Mlango ukafunguka.

Mkubwa alikitazama kitasa. "Rudia, mama. Tafadhali."

Aliufunga mlango, akarudia, huku akimwuliza Jirani juu ya ukuta kama sufuria hiyo ina mfuniko. Kijani. Akafunga tena, akarudia akiwa ameupa mlango kisogo nusu. Kijani.

"Shahidi nimeona!" alisema Jirani.

Mkubwa aliweka maboksi chini ukumbini. Akasingizia simu aliyoisahau garini, akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mama Mizani na Kitindamimba, aliyekuwa jikoni tangu asubuhi, walikaa mezani wakasikiliza. Vitufe vinne vilibonyezwa. Mlio wa kukataliwa. Vitufe vinne tena, polepole zaidi. Mlio. Halafu tena, na tena. Kisha ukelele mrefu.

"Mkubwa!" Jirani aliita. "Nilete ngazi?"

Mama Mizani alimwacha asubiri kiasi cha kumaliza chai iliyobaki kikombeni, ndipo akafungua. Mwanawe alikuwa amelegeza tai, jasho puani.

"Saba, moja, nane, sifuri," alisema. "Nimebonyeza sawasawa, mama. Naapa."

"Unaisahau namba, mwanangu?"

Kitindamimba alilala juu ya meza kwa kicheko. Mama Mizani alimkalisha Mkubwa, akamwekea mashine ya kujumlisha mbele yake, akamwambia abonyeze uzito wa lori la baba yake, kisha akumbuke vidole vyake vimepita wapi. Mkubwa alibonyeza. Akatazama mashine, akatazama mlango. Aliinuka, akaenda kwenye kitasa, akainama, akahesabu safu kwa midomo tu. Aliporudi, hakuwa anacheka bado, lakini mashavu yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Na mimi nilikuwa nimeshanunua mapazia ya chumba cha mbele," alisema.

"Mazuri?"

"Ya maua."

"Nitakuja kulala Jumamosi moja moja, nisiyaonee."

Walikula. Baada ya chakula Mkubwa aliyabeba maboksi akayarudisha garini, yote isipokuwa moja, ambalo mama yake alilitaka la kuhifadhia mashine. Aliporudi alikuta mlango umejifunga. Hakubisha hodi. Alibonyeza moja, saba, mbili, sifuri, na taa ikawaka kijani.