Maziwa ya Bosi

Mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka. Nyumbani walimpa jina la Bosi, kwa sababu akiamrisha kitu nyumba nzima inasimama, lakini leo Bosi hakuwa na amri iliyobaki. Chupa aliitema. Kijiko alikipiga kofi. Mama yake, fundi cherehani, alikaa ukingoni mwa kitanda, matiti yamejaa hadi yamekuwa magumu, gauni limelowa kifuani, na chakula cha mtoto wake kilikuwa hapo hapo lakini hakuthubutu kumpa.

Alijitakia mwenyewe, na alilijua hilo. Kwa muda mrefu jicho lake moja lilikuwa likiona ukungu na kichwa kikimgonga, mpaka siku moja akashona kidole chake mwenyewe mbele ya mteja. Daktari akaagiza kipimo cha MRI cha kichwa. Zamu yake ilichelewa mno, na siku ilipofika, mama mmoja kwenye benchi, mdomo haumtulii, akamnong'oneza, "Ndugu yangu, humo ndani wakikuuliza chochote sema hapana. Ukisema ndiyo tu, unarudishwa nyumbani. Mashine nayo ikiharibika, utazeekea hapa."

Basi mpiga picha, dada mmoja wa miwani asiye na haraka, alipomuuliza kama ana mimba, alisema hapana, na huo ulikuwa ukweli. Alipomuuliza kama ananyonyesha, alisema hapana vilevile, huku akibana mikono kifuani maziwa yasije yakamsaliti.

Wakamdunga mkononi ile dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, akaingia kwenye mashine, akatoka. Mpiga picha akamwambia, "Ukifika nyumbani kunywa maji mengi. Dawa itatoka yote kwa mkojo."

Fundi aliinama kutafuta viatu vyake. Kama inatoka kwa mkojo, itashindwa nini kutoka kwa maziwa? Alifungua mdomo aulize, akaufunga. Angeanzaje kuuliza habari za maziwa wakati ameshasema hanyonyeshi? Akavaa viatu, akaenda zake na swali lake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni na mjukuu mkononi. "Haya, mchukue Bosi wako, ameniita majina yote."

"Simnyonyeshi tena, mama."

"Humnyonyeshi! Kwa nini?"

"Daktari kasema nimwachishe." Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Mama mkwe alimtazama juu hadi chini. Alikuwa mwanamke wa kazi, si wa maswali. "Ukimwachisha huku anaona titi, utamtesa bure. Mimi nimeachisha saba, wote kwa shubiri." Akaenda kuitafuta, akarudi nayo kwenye kikopo, na jioni hiyo fundi akajipaka mwenyewe chuchu zote mbili. Bosi alikuja mbio mbio kwa mdomo wake wazi. Alivuta mara moja. Uso ukamkunjamana, akamtazama mama yake kwa mshangao, kisha akalia kilio ambacho mama huyo hakuwahi kukisikia.

Alijipaka tena kila mtoto alipomtafuta. Katikati alikuwa akijikamua kwenye sinki, bomba likiwa wazi ili mama mkwe asisikie jinsi anavyolia. Mume alipopiga simu kutoka safarini, alimwambia wote wazima.

Kesho yake mchana alimbadilisha Bosi nepi, akaikuta kavu. Ile ya asubuhi pia ilikuwa kavu. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, na alipolia hakutoa chozi. Hofu ya aibu ilimtoka yote kwa mpigo, ikabaki hofu moja tu. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka na ndala miguuni, mama mkwe akimwita nyuma.

Hospitalini, mpiga picha alikuwa anakunywa chai mlangoni pa chumba cha mashine.

"Dada, nilikudanganya," fundi alisema, pumzi zinamkatika. "Nanyonyesha. Sijampa maziwa tangu ile dawa. Niambie inakaa mwilini mpaka lini, maana mwanangu ananifia."

Yule dada aliweka kikombe chini taratibu. "Hujampa kabisa?"

"Hata tone."

"Mama, dawa ile haikuzuii kunyonyesha. Inayofika kwenye maziwa ni chembe ndogo mno, na hata hiyo tumbo la mtoto karibu halichukui kitu, inapita tu. Mimba ndiyo tunayoiogopa. Mjamzito hatumdungi dawa hii ila iwe lazima kweli. Mnaonyonyesha tunawauliza ili tuwatoe wasiwasi." Alimtazama mtoto mgongoni. "Ungesema ndiyo, ningekuambia nenda kanyonyeshe sasa hivi."

Fundi hakusikia tena mengine. Hakukumbuka hata kuuliza habari za kichwa chake. Alikaa kwenye benchi, akafungua vifungo, akaomba maji. Yule dada alimletea beseni na sabuni, kisha akakimbia kumwita daktari wa watoto. Fundi alijisugua hadi ngozi ikamwasha, akajinusa, akajionja kwa kidole, uchungu haupo. Maziwa yakaanza kumiminika yenyewe.

"Njoo, baba. Njoo, Bosi wangu, ruhusa imetoka."

Alimsogeza. Mtoto aliliona titi, akafumba mdomo, akageuza uso ukutani.

"Shubiri imeisha, baba. Mama ameliosha."

Akamsogeza tena. Bosi alimsukuma kifuani kwa vikono vilivyokosa nguvu, akalia bila sauti.

Daktari alikuja akamchukua kwa ajili ya dripu. Akamwambia mama ajikamue kwenye kikombe, wamnyweshe kwa kijiko, na kwamba titi huenda akalirudia, huenda asilirudie, asimlazimishe. Muuguzi alikipokea kikombe, akachota kijiko, akakisogeza. Bosi alilamba, akasita, akameza. Akafungua mdomo kutaka kingine.

Fundi aliinuka kwa furaha, akanyoosha mkono akipokee kile kijiko amlishe yeye. Mtoto alimwona anakuja, akafumba mdomo.

"Kaa nyuma kidogo, mama," muuguzi alisema kwa upole. "Asikuone."

Akarudi nyuma, akasimama nyuma ya mlango, akawa anasikiliza mwanawe akimeza.