Masikio ya Jani

Kwa miaka thelathini na moja niliosha vyombo vya maabara, na sikuvunja zaidi ya chupa nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa na nyufa tayari. Mchana nilisugua, jioni nikaenda shule ya watu wazima, nikasoma kemia mpaka nikaweza kuwarekebisha wanafunzi wa chuo. Sasa binti yangu ndiye mkuu wa maabara ileile. Kazi yake ni kupima mitishamba kabla haijauzwa. Nikishasema hivyo huwa nanyamaza kidogo, ili msikilizaji apate nafasi ya kusifu.

Tangu nistaafu napanda miseji kwenye roshani. Ni mimea mifupi, ya majani ya kijivu yenye vinyweleo. Majani ya mseji wa dawa yana asidi ya rosmariniki, inayotuliza uvimbe wa koo, na yana mafuta yenye harufu kali. Ndani ya mafuta hayo mna thujoni. Kusukutua hakuna neno, lakini mtu akinywa chai yake kwa wingi, siku nenda siku rudi, thujoni inaweza kumtia degedege, na mjamzito asijaribu kabisa. Majirani wote nimewaeleza haya, wengine mara mbili. Wananiita Profesa wa Majani, nami sijawahi kuwakataza.

Chungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa na kibandiko chenye jina la Kilatini la mseji wa dawa, kwa hati yangu. Maabara ilipohitaji majani ya kulinganishia, yaani majani ambayo aina yake inajulikana bila shaka, binti yangu alikuja na mkasi akakata kwenye chungu hicho. Mwezi mzima nilitembea kifua mbele.

Ndipo akaja mama mmoja muuza mitishamba, na magunia kumi na mawili. Binti yangu akapima, akaona majani ya yule mama hayafanani na yangu hata kidogo. Yake yalijaa thujoni. Yangu yalikuwa nayo ya kutafuta kwa tochi, badala yake yamejaa sineoli, ile inayonukia kwenye mkaratusi. Akaandika kwamba magunia yale si mseji wa dawa, yateketezwe. Yule mama akakata rufaa. Kikao kikapangwa Alhamisi, na mkurugenzi akamwambia binti yangu waziwazi kwamba ikionekana amekosea, cheo atakiacha mezani.

Jumatano mchana alipita kwangu, akala vijiko viwili akasukuma sahani. Alikuwa amepima mara tatu na mashine haina kasoro. Nilimwambia asitishwe na mchuuzi, mseji wangu unajulikana mtaa mzima. Akaniachia bahasha ya majani ya yule mama, akarudi kazini.

Nilitaka tu kuyadharau kwa karibu. Nikaloweka jani moja katika maji ya vuguvugu mpaka likakunjuka, nikaliweka kando ya langu. Lake lilikuwa refu, limenyooka mpaka kwenye kikonyo. Langu lilikuwa na vijisikio viwili pale jani linapoanzia. Nikatoa kitabu changu cha shule ya jioni. Mchoro wa mseji wa dawa hauna masikio. Kwenye ukurasa unaofuata yupo ndugu yake, mseji wa aina nyingine, mwenye masikio, na maelezo yake: sineoli nyingi, thujoni kidogo.

Kitabu hicho nimekisoma mpaka jalada limeachia. Mmea huo nimeumwagilia miaka tisa. Sikuwahi kuviweka pamoja, kwa sababu nilikuwa najua tayari.

Nilikaa chini. Ningeweza kulificha jambo hilo. Mashine ilikuwa upande wetu, magunia yangechomwa, na hakuna ambaye angepanda ngazi kuja kukagua vyungu vyangu. Lakini ripoti ingekuwa ya uongo, na chini yake pana sahihi ya mwanangu.

Alhamisi nilivaa koti, nikabeba chungu kwa mikono miwili hadi kikaoni. Mwenyekiti akauliza mimi ni mtaalamu wa nini. Nikamjibu kwamba chupa za jengo hilo nimeziosha miaka thelathini na moja.

"Majani ya kulinganishia yalitoka kwenye chungu hiki," nikasema. "Jina nililiandika mimi, na si lake. Mseji wa dawa ni huo ulio kwenye magunia ya mama huyu."

Yule mama alikitazama chungu, akanitazama mimi. "Kwa hiyo, babu, miaka tisa unamlea mtoto wa jirani ukimwita wako?"

Walicheka, nami nilistahili. Nilikuwa nimejiandaa kuwa ukuta ili binti yangu ajifiche nyuma yangu. Yeye akasimama.

"Baba aliandika, lakini kuhakiki ni kazi yangu," akasema. "Niliiamini hati yake, nikaacha kuchunguza chungu chake. Ripoti naifuta. Kosa ni la maabara, na mkuu wa maabara ni mimi."

Kisha, bila kuulizwa, akaagiza magunia yauzwe yakiwa na onyo: ni ya kusukutua, si chai ya kila siku.

Alipewa barua ya karipio. Cheo hakikuguswa.

Jumamosi alikuja na kichipukizi alichopewa na yule mama, na vibandiko viwili vitupu. Niliandika majina yote mawili, nikanyoosha mkono kuvibandika.

"Subiri, baba," akasema, akavitia mfukoni. Akakata majani ya kila mmea, akaenda nayo. Jumatatu alirudi na karatasi ya vipimo, ndipo akabandika.

Siku hizi jirani akiniuliza mimea yangu ni aina gani, namwambia angoje nilete karatasi. Naisoma yote, mpaka kwenye sahihi. Hapo nanyamaza kidogo.