Vikombe vya Bibi Pyo

Ndani ya wiki mbili, wagonjwa watatu wa chumba namba nne walikuwa wameota majipu mgongoni, na lawama zote zilimwangukia muuguzi Tak Mi-ran. Kuzuia maambukizi katika hospitali hiyo ya tiba asilia ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Jipu la nne likitoka nafunga wodi," mkurugenzi alimwambia asubuhi hiyo. "Na wewe utafute kazi kwingine."

Mi-ran akaanza upya. Sindano zilikuwa za kutumika mara moja. Vikombe vya kuumikia, vinavyofyonza damu mgongoni, pia. Vikishatumika hutupwa kwenye ndoo ya taka za hatari. Akaifunua. Jana waliumikwa watu tisa, lakini ndoo ilikuwa karibu tupu.

Akaenda namba nne bila kubisha hodi. Nyuma ya pazia, Bibi Pyo, mgonjwa aliyekuwa kipenzi cha wodi nzima, alikuwa amepiga magoti kitandani kwa Bibi Guk mwenye kisukari, sindano ya kushonea ameibana midomoni. Vikombe vitano vilimng'ang'ania Bibi Guk mgongoni kama kupe walioshiba.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Namsaidia mwenzangu. Daktari wenu mkono mwepesi, kama anapapasa paka. Mimi naitoa damu mbaya yote."

"Vikombe umevitoa wapi?"

"Kwenye ndoo yenu. Mnatupa vitu vizima! Watoto wa siku hizi njaa hamkuiona."

Mi-ran akainama, akavuta kopo la kimchi, kabichi ya kuchachusha, lililokuwa chini ya kitanda. Ndani, vikombe vingine vilielea kwenye maji mekundu, pamoja na damu iliyoganda kama ini, unywele mweupe na kipande cha kabichi ya pilipili. Harufu ikampiga usoni.

"Naviosha kwa pombe ya soju," Bibi Pyo akasema, ameudhika. "Ya dukani, ya kunywa!"

"Kwenye kopo la chakula?"

"Nalisuuza kabla sijatia kimchi. Si na wewe ulikula Jumapili, ukaongeza?"

Mi-ran akalisukuma kopo mbali kwa mguu.

"Usimgombeze dada yetu," akadakia mgonjwa wa kitanda cha dirishani. "Mgongo wangu sasa mwepesi."

"Mwepesi? Una jipu kama yai la bata, shangazi!"

Akavaa glavu, akabandua vikombe kimoja kimoja. Cha mwisho kiling'oka na uzi wa usaha wa manjano. Chini yake ngozi ya Bibi Guk ilikuwa nyekundu, ngumu, inachoma. Bibi Guk mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa homa.

Bibi Pyo akasogea karibu, akanong'ona, "Mfunike, binti. Mkurugenzi hakagui migongo. Kazi yako utaipoteza bure."

Mi-ran akamtazama Bibi Guk anayetetemeka. Akatoa simu, akaita kwanza gari la wagonjwa limpeleke hospitali kubwa. Kisha akampigia mkurugenzi.

"La nne limetoka. Njoo ulione mwenyewe. Na kama hujala, usile."